Kopo Lisilopita Dukani

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu asubuhi, Inspekta Zuhra Hilali akiwa bado amesimama mlangoni mwa ofisi yake pale Kasulu, ufunguo mkononi. Mtu wa maabara alizungumza polepole, kama anayewasomea wanafunzi imla. Vielelezo vilikuwa vitatu. Kopo lililochukuliwa nyumbani kwa mtengenezaji, kata ya Kitanga, lilikuwa na mafuta na majani ya umuravumba, mmea wa dawa za kienyeji, hakuna kingine. Kopo lililochukuliwa dukani, soko la Kasulu, lilikuwa na umuravumba na klobetasoli. Kopo tupu lililochukuliwa nyumbani kwa marehemu, Kibondo, lilikuwa na mabaki ya vitu hivyo hivyo viwili.

"Klobetasoli ndiyo nini, kwa lugha yangu mimi?" Zuhra aliuliza.

"Ni steroidi, afande. Dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Mtu mzima anaandikiwa na daktari, apake kidogo, kwa muda mfupi. Mtoto mchanga hapakwi hiyo mwili mzima."

"Na majani?"

"Majani hayana neno."

Zuhra alishukuru, akafungua ofisi, akaweka mkoba mezani. Kisha akamwita Sajini Tharsisi na kumwambia amlete Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa mahabusu tangu mtoto alipozikwa. Nusu alishikiliwa kwa tuhuma, nusu kwa usalama wake. Habari zilipofika kijijini kwamba mtoto wa miezi tisa amekufa Kibondo kwa mafuta yake ya pumu ya ngozi, watu waliezua bati za nyumba yake na kufyeka migomba yote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, vidole vimeingia rangi ya majani ambayo sabuni ya mahabusu haikuweza kuitoa. Alikaa pale alipoonyeshwa.

"Kopo lako ni safi, mama," Zuhra alisema.

"Sawa."

"Umenielewa? Kilichomdhuru mtoto hakikutoka kwako."

"Nimeelewa."

"Basi nieleze tena mafuta yanavyosafiri."

Mwanahawa alieleza kama alivyokwisha kueleza mara nyingi. Anachuma majani, anayaanika kivulini, anayachemsha kwenye mafuta, anachuja. Ndoo inakwenda Kasulu kwa Fidele. Fidele anachanganya na mafuta ya mgando, anajaza makopo, anaziba. Mudathiri anauza dukani kwake.

"Na lile kopo tulilolichukua kwako?"

"Nilijaza mwenyewe. Lilikuwa la majirani."

Tharsisi alikohoa. Mwanahawa alitazama mikono yake.

"Afande, nikitoka hapa naenda wapi?"

Zuhra alimwambia asubiri kidogo, mambo yanakamilishwa.

Mwanahawa aliporudishwa, Tharsisi alibaki ameegemea kabati la mafaili. "Mikono ni mitatu, afande. Wa kwanza umetoka safi. Wa pili ni wa Fidele, mjomba wa marehemu. Unabaki wa tatu."

Hivyo ndivyo ilivyoonekana. Fidele Manirambona alikuwa msomi. Huko Dar es Salaam alikuwa ameotesha seli za ngozi ya binadamu kwenye sahani za maabara, akaziamsha zivimbe, kisha akazitilia dawa ya umuravumba, na seli zikatulia. Alikuwa amehojiwa redioni. Baada ya mazishi ya mtoto wa dada yake alikuja kituoni mwenyewe, bila kuitwa, akawachorea polisi seli hizo kwenye karatasi ili waelewe jinsi majani yanavyofanya kazi. Zuhra alimpa chai na pole. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi siku gani.

"Twende sokoni," Zuhra alisema.

*

Mudathiri alikuwa akifunga khanga kwenye kamba mbele ya duka. Alipowaona aliacha, akavua kofia, akaivaa tena.

"Bi Zuhra. Baba yako, mzee Hilali, hajambo?"

"Hajambo. Nifungulie lile boksi la sabuni chini ya meza."

"Lipi?"

"Lile unalolisukuma kwa mguu."

Sabuni zilikuwa juu, safu moja. Chini yake kulikuwa na tyubu za krimu, nyembamba, za bati jeupe. Zuhra aliinua moja na kusoma. Klobetasoli. Tharsisi alikuwa ameshatoa pingu.

"Hizi unamuuzia nani?"

"Kina dada wanaotaka weupe. Na kina kaka wamo."

"Bila cheti cha daktari."

"Bila." Mudathiri hakubisha. "Kwa hilo nichukueni, nimekosa."

"Unaitia kwenye mafuta ya umuravumba?"

Hapo mzee alikunja uso. "Niitie kwa nini? Tyubu moja inanunua kopo zima la majani na chenji inabaki. Halafu nitaitiaje?" Alichukua kopo jipya rafuni, akazungusha mfuniko, akaonyesha karatasi ya rangi ya fedha iliyogandishwa mdomoni kwa moto. "Yanakuja yamezibwa hivi. Nikilitoboa, nani atalinunua?"

Zuhra alipitisha ukucha pembeni mwa karatasi. Ilishika pande zote. Kopo walilopeleka maabara nalo lilitoka rafu hiyo, likiwa limezibwa vilevile.

"Wateja wanasemaje?"

"Mwanzoni waliyarudisha. Majani matupu, wanasema, mtu anapaka mwezi mzima anajikuna vilevile. Halafu mwaka huu, baada ya Ramadhani, yakaanza kushika. Mtu anapaka jioni, asubuhi ngozi shwari. Nikamwambia Fidele, hapo umepatia."

"Akasemaje?"

"Akacheka."

"Na hizi tyubu, Fidele amewahi kununua?"

"Kwangu? Hapana. Hizi zinapatikana popote, Bi Zuhra. Hata Kigoma, hata mnadani."

Zuhra alimwambia Tharsisi amkabidhi mzee kituoni kwa kosa la tyubu, na kosa hilo pekee, kisha alete gari.

"Lingine je?" Tharsisi aliuliza. "Dawa ni ile ile, afande."

"Dawa ni ile ile. Kopo la marehemu bado sijui lilipita wapi."

*

Hospitalini Kibondo, Daktari Saady aliwapokea kwenye korido kwa sababu chumba chake kilikuwa na mgonjwa. Ni yeye aliyempokea Ineza, yule mtoto marehemu, na ni yeye aliyeagiza uchunguzi wa maiti.

"Nieleze kwa maneno ambayo hakimu atayaelewa," Zuhra alisema.

"Mwili unajitengenezea dawa ya aina hii wenyewe, kwenye vitezi vilivyo juu ya figo. Ukiupa nyingine kutoka nje kila siku, kwa miezi, vitezi vinalala. Mtoto ananenepa, uso unakuwa duara kama sahani, nyama inajaa nyuma ya shingo. Watu wanasifu, wanasema huyu anakula. Sasa ikatwe ghafla. Vitezi havijaamka. Hapo hata homa ndogo inatosha. Anatapika, analegea, basi."

"Kilichomuua ni kupakwa au kuachishwa?"

Daktari alifikiri. "Kupakwa kulimfikisha pale. Lakini alikufa kwa kuachishwa ghafla."

"Angepona?"

"Angeletwa siku alipoachishwa, nikaambiwa alikuwa anapakwa nini, ningempa dawa ya aina hiyo hiyo, ya kunywa, tukapunguza polepole. Wengi wanapona. Aliletwa alfajiri, amekwisha kuwa baridi miguu. Mama yake alisema ana homa. Hakusema kitu kingine, na sidhani kama alikijua."

Tharsisi aliandika. Zuhra alimwambia aandike tena sentensi ya kuachishwa, kama ilivyosemwa.

*

Kezia, mama wa Ineza, aliishi nyuma ya mashine ya kusaga ambako alikuwa akiuza unga. Walimkuta amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Alikuwa akiokota changarawe, anaziweka pembeni ya ungo, na mkono ulipozunguka tena ulizirudisha katikati.

"Karibuni," alisema. "Mume wangu Reverien hayupo. Amekwenda shambani Gwarama."

"Tumekuja kwako, mama Ineza. Hatutakaa sana." Zuhra alivuta kigoda kingine. "Lile kopo la mafuta ya mtoto ulilinunua wapi?"

"Sikulinunua. Fidele aliniletea."

"Hilo moja?"

"Yote. Tangu ngozi ilipomwanza. Alisema ya dukani tuwaachie watu, ya mtoto wetu ataleta mwenyewe."

"Yalimsaidia?"

"Ya kwanza hayakumsaidia. Alijikuna mpaka damu, hakuna aliyelala humu ndani. Ya pili yakamsaidia. Akanenepa. Mashavu hivi." Kezia aliinua mikono kuonyesha, na mikono ikabaki pale hewani, imeshika kitu kisichokuwepo, mpaka Zuhra aliposema tena.

"Uliacha kumpaka lini?"

"Jumapili, kabla hajaugua."

"Nani alikuambia uache?"

"Fidele. Alifika kutoka Kasulu, nikampa mtoto ampakate. Akamtazama. Akamgeuza uso huku na huku, akamshika hapa, nyuma ya shingo. Akasema, Kezia, haya mafuta acha leo hii. Akachukua kopo, akatia mfukoni."

"Sisi tulipata kopo hapa."

"Lile lililokwisha. Nilikuwa nimempa Ineza achezee, lilikuwa chini ya kitanda. Fidele hakuliona."

"Alikuambia kwa nini uache?"

"Alisema kuna makopo yameharibika."

"Alikuambia umpeleke hospitali?"

"Oya," Kezia alisema. Hapana. "Angeniambia ningempeleka."

Kalamu ya Tharsisi ilikuwa imesimama. Kezia aliwatazama mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza kitu, kisha akarudi kwenye maharage.

Njiani kurudi Kasulu, walipopita Makere, Tharsisi alipunguza mwendo.

"Labda aliambiwa na mtu kwamba makopo ni mabaya," alisema.

"Angeambiwa, angekimbilia dukani kuyaondoa. Ya dukani yalikaa rafuni mpaka tulipoyachukua sisi. Aliondoa moja tu, la mtoto wa dada yake."

"Kwa hiyo alipomshika shingo..."

"Alikuwa anatafuta anachokijua. Mtu anayeamini dawa yake, akimwona mtoto amenenepa, anafurahi."

"Na alipokuja kutuchorea seli?"

"Alikuwa ameshalichukua kopo." Zuhra alifungua dirisha kidogo. "Tumpitie mwenyekiti wa mtaa. Hatupekui bila shahidi."

*

Fidele Manirambona alikuwa uani, anaosha ndoo. Alimsalimia mwenyekiti wa mtaa kwanza, kisha polisi, akaomba radhi kwa mikono iliyolowa. Chumba chake cha kazi kilikuwa kisafi. Kulikuwa na jiko la gesi, mizani, mafungu ya makopo, na pasi ndogo ya kuzibia makopo kwa karatasi ya rangi ya fedha. Harufu ya umuravumba ilikuwa kali hata ukutani.

Hawakupata kitu chumbani. Tharsisi alizunguka nyuma ya choo, kwenye shimo la taka, akachokora majivu kwa kijiti. Karatasi na maboksi vilikuwa vimeungua. Tyubu za bati hazikuungua. Zilikuwa zimeminywa mpaka mwisho na kukunjwa vizuri, kila moja mara tatu, kama mtu anavyokunja dawa ya meno ili isibaki kitu. Mwenyekiti wa mtaa aliangalia, akaombwa asaini, akasaini.

Zuhra alimsomea Fidele onyo: halazimiki kusema lolote, atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Akamuuliza kama anataka ndugu au wakili awepo.

"Ndugu yangu ni Kezia," Fidele alisema. Alikaa juu ya ndoo aliyokuwa akiiosha, ameigeuza kitako juu. "Ulizeni."

"Ulianza lini kutia?"

"Mwaka huu."

"Kwa nini?"

"Kwenye sahani yalifanya kazi. Hilo naomba liandikwe. Sikudanganya. Seli zilitulia, nilirudia mara nyingi, zilitulia." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Lakini seli kwenye sahani ziko uchi. Ngozi ya mtu ina ukuta. Dawa ya majani haikupita ya kutosha. Watu walirudisha makopo. Na waliogharamia utafiti walikuwa wanakuja kuona wagonjwa."

"Ukawatengenezea wagonjwa waliopona."

"Nilisema nitie kidogo, wageni wakiondoka niache."

"Uliacha?"

"Watu walikuwa wananisimamisha barabarani kunishukuru. Mama mmoja alileta kuku." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Sikuacha."

"Ineza."

"Mwanzoni nilimpa yasiyotiwa kitu. Yalikuwa hayamfai, alikuwa anajikuna usiku kucha. Nikampa haya mengine nikasema wiki moja tu. Kezia akawa anapiga simu, Fidele, yamekwisha, lete. Ningemwambia nini?"

"Jumapili ulipomwona?"

"Nilipoona uso nilijua. Picha kama ile iko kwenye vitabu. Nikamwambia aache siku ile ile." Aliinua kichwa. "Nilimwachisha, afande. Mbona alikufa?"

Zuhra alimtazama Tharsisi. Tharsisi aliinamia karatasi.

"Alikufa kwa sababu aliachishwa ghafla," Zuhra alisema. "Mwili ulikuwa umesahau kujitengenezea. Alitakiwa apelekwe hospitali siku ile, apunguziwe polepole. Daktari ameeleza."

Maji yalikuwa bado yanatoka kwenye mpira, yanatiririka kuelekea lango. Mwenyekiti wa mtaa alikwenda kufunga bomba.

"Mimi ni mtu wa mimea," Fidele alisema. "Sikujua hilo."

Tharsisi aliliandika. Fidele aliulizwa kama ana la kuongeza, akasema hapana, akatia saini kila ukurasa kwa mwandiko uleule.

*

Mwanahawa aliachiwa kesho yake. Dada yake alikuja kumchukua kwa bodaboda, wakapakiana watatu na fungu la nguo. Zuhra alimwambia kwamba polisi watafika kijijini kueleza ukweli mbele ya mkutano, na walioezua nyumba watahojiwa. Mwanahawa alisema sawa. Alipoulizwa kama angependa aondoke na kopo lake lililopimwa, alisema wamwage.

Kezia aliingia kituoni kabla ya adhuhuri. Alikuwa amepanda basi la kwanza. Zuhra alimkalisha ofisini, akafunga mlango, akamweleza yote kwa utaratibu, tangu sahani za maabara mpaka Jumapili. Hakuficha maneno ya daktari. Kezia alisikiliza akitazama kalenda ya ukutani.

"Kwa hiyo ningeendelea kumpaka angekuwepo," alisema.

"Angekuwa mgonjwa. Angekuwa hai, mpaka mtu amfikishe hospitali."

"Nataka kumwona Fidele."

Kanuni haikukataza. Waliwekwa chumba cha mahojiano, meza katikati, Tharsisi mlangoni, Zuhra pembeni. Fidele alisimama dada yake alipoingia. Kezia alikaa, naye akakaa. Walizungumza Kirundi, na Zuhra, aliyekulia Kibondo, hakuhitaji mkalimani.

"Jumapili ile ulikuwa unajua," Kezia alisema.

"Nilijua si salama. Hili la kuachisha sikulijua."

"Ulijua mtoto ana dawa mwilini."

"Ego," Fidele alisema. Ndiyo.

"Nilikupikia samaki, migebuka."

Kezia alivuta kiti karibu na meza.

"Nilikuletea maji, ukanawa. Ukala. Mtoto amelala pale kwenye mkeka, mbele yako, na wewe unakula, unamaliza, unasema ahsante. Nikakusindikiza mpaka kwenye basi." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kama uliona aibu kuniambia ulichofanya, ungesema tu, Kezia, mpeleke hospitali. Neno hilo moja. Nisingekuuliza kwa nini."

Fidele aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

Kezia alingoja kidogo. Kisha akasimama, akakaza kitenge kiunoni, akamgeukia Zuhra na kumuuliza mlango wa kutokea uko upande gani. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, ule alioingilia, na Kezia alikuwa ameupa mgongo.